Kifaranga Mmoja Mkononi mwa Mtoto



Labda mtu atauliza, "Mambo ya kuku yana shauri gani na gazeti la kanisa?" Swali lake si baya. Lakini Bwana wetu mwenyewe hakuona haya kumtaja kuku. Alipouombolezea mji wa Yerusalemu alijifananisha na koo akusanyaye vifaranga wake chini ya mbawa zake (Mathayo 23:37). Tena katika nyumba nyingi za Wakristo, mali ya kwanza apewayo mtoto iwe yake mwenyewe si shamba wala mbuzi, bali ni kifaranga. Kwa kifaranga huyo mtoto hujifunza maana ya kutunza, na maana ya neno "changu" na neno "chako".

Basi somo letu lina sehemu mbili. Kwanza tutaona jinsi mtoto awezavyo kumlea kifaranga hata awe kuku mzima. Pili tutaona jinsi wazazi wawezavyo kuujenga uaminifu wa mtoto kwa njia hiyo, au kuubomoa. Sehemu ya pili nilijifunza kwa aibu, nami sitaificha.

1. KIFARANGA ALIVYO

Yai hukaa chini ya koo muda wa siku 21. Karibu na saa ya kuanguliwa, kiini cha yai kilichosalia huingia tumboni mwa kifaranga, kikawa akiba yake ya siku mbili tatu za kwanza. Ndiyo sababu koo huweza kukaa kiotani akiwangoja wa mwisho, wala wale wa kwanza wasife kwa njaa. Mungu amewaandalia posho kabla hawajaiona nuru. Lakini akiba hii isitufanye kuwa wavivu. Maji na chakula viwe tayari tangu siku ya kwanza.

Liko jambo jingine la kustaajabisha. Mwaka 1873 Mwingereza mmoja, jina lake Douglas Spalding, aliandika habari za vifaranga aliowachunguza. Aliona ya kuwa kifaranga asiye na mama hukifuata kitu cho chote kiendacho mbele yake, hata mtu, kana kwamba ndicho mama yake. Wengine aliwafunika macho tangu kuanguliwa hata karibu siku ya nne. Alipowafunua hawakumfuata, bali walimwogopa mno. Basi siku zile za kwanza ni siku za kutia imani. Kifaranga aliyezoea mkono wa mtu tangu mwanzo hujua ya kuwa mkono ule ni mahali pa salama. Mshike neno hili, maana tutalirudia.

Tena kuku hapendi kukaa peke yake. Kifaranga aliye peke yake hulia mchana kutwa. Kwa hiyo, kama yawezekana, mtoto apewe wawili au watatu. Kama ni yatima mmoja tu, na yuko koo mwenye vifaranga wa umri ule ule, jaribuni kumtia chini ya mbawa zake usiku gizani. Mara nyingi asubuhi koo humpokea kama wake. Lakini mtazameni kulipokucha, kwa maana wako koo wakali wamdonoao mgeni hata kumwua.

2. JOTO

Kifaranga amevaa manyoya mepesi tu, wala hawezi kujitia joto mwenyewe. Katika juma la kwanza ahitaji joto la nyuzi 32 hata 35 za Selsiasi mahali alalapo. Baadaye hupunguzwa nyuzi 3 hivi kila juma, hata apate manyoya ya kweli katika juma la tano au la sita. Mwenye koo hana haja ya kuhesabu, kwa sababu koo ajua. Asiye na koo, na hasa akaaye katika nchi ya baridi kama milima ya Usambara au miteremko ya Kilimanjaro, yampasa kufanya kazi ya mbawa.

Kwa nyumba zisizo na umeme, njia nyepesi ni chungu kidogo au chupa ya maji ya moto. Funikeni sawasawa, zungushieni kitambaa kizito, kisha wekeni ndani ya tenga lenye majani makavu au maranda ya mbao. Kifaranga ataegemea, na akiona joto limezidi awe na nafasi ya kusogea mbali. Maji yabadilishwe kabla hayajapoa, hata usiku. Wala msiweke jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, mkidhani mwamhurumia kifaranga. Hewa ya mkaa huua kimya kimya, nayo huwaua watu pamoja na kuku.

Hapana haja ya kuwa na kipimo cha joto. Kifaranga mwenyewe ndiye kipimo. Akilia kwa sauti kali na kujikunyata, aona baridi. Akihema kinywa wazi na mbawa zake zimelegea, joto limezidi. Akilala kwa raha na kula kwa raha, mambo ni sawa. Mfundisheni mtoto kumtazama hivi kila mara. Kumtazama mwingine hata ujue shida yake kabla hajaangamia, hii ni elimu itakayomfaa hata atakapokuwa mzazi, au mwalimu wa kusanyiko.

3. CHAKULA NA MAJI

Wengi humpa kifaranga chenga za mahindi tu, kisha hushangaa kuona hakui. Chenga humtia nguvu, lakini hazitoshi kujenga mwili. Changanyeni chenga za mahindi, mtama au uwele pamoja na dagaa waliosagwa, au mchwa na wadudu wengine ambao mtoto aweza kuwachimba mwenyewe. Majani mabichi kama mchicha yakatwe vipande vidogo. Kifaranga alaye nafaka na majani apewe pia mchanga safi wenye chembe, kwa kuwa kuku hana meno, na firigisi yake husaga chakula kwa vijiwe hivyo. Makombo yenye chumvi nyingi yamdhuru. Mahindi yaliyoota ukungu yasitolewe kabisa, kwa sababu yaweza kuwa na sumukuvu. Yasiyomfaa mtu yasidhaniwe kumfaa kuku.

Maji yawe safi, katika kisahani kisicho na kina, na ndani yake vijiwe viwili vitatu, kifaranga asije akatumbukia na kufa maji. Yabadilishwe asubuhi na jioni. Katika ulezi hapana jambo dogo kuliko hili, na hapana lisahauliwalo upesi kuliko hili. Kifaranga huweza kuvumilia mtoto akisahau kucheza naye, lakini hawezi kuvumilia akisahau maji.

4. USAFI, MARADHI NA ADUI

Matandiko yawe makavu siku zote. Penye unyevu hustawi ugonjwa wa kuhara damu, uitwao koksidiosi, ambao huwapata hasa vifaranga wenye majuma machache. Kifaranga hujikunyata, mbawa huning'inia, na mavi yake huwa na damu. Dawa iko, lakini bwana mifugo aulizwe upesi, maana ugonjwa huu hauwangoji wakawiaji.

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ni mkali zaidi. Wataalamu huuita kwa jina la mji wa Newcastle ulioko Uingereza, ambako ulionekana mwaka 1926. Hauna dawa ya kuponya, nao huweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Lakini chanjo iko, ya tone moja jichoni, nayo hurudiwa kila miezi mitatu au minne kama bwana mifugo aelekezavyo. Chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua. Humkinga aliye mzima. Kwa hiyo mtu asingoje hata kuku wa jirani waanze kufa.

Watu nao wajilinde. Kuku aonekanaye mzima huweza kuwa na vijidudu vimwumizavyo mtu tumbo. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kila amshikapo kifaranga, asimbusu, wala asile huku amempakata. Chombo cha kifaranga kisioshwe pamoja na vyombo vya jikoni.

Adui wa nje ni mwewe, paka, nguchiro, kicheche, nyoka na siafu. Mchana kifaranga awe chini ya tenga lililofunikwa au mbele ya macho ya mtunzaji wake. Usiku awe ndani. Tenga lenye tundu dogo ni sawa na mlango ulio wazi.

Na kama kifaranga akifa, maana wengi hufa ijapokuwa wametunzwa vema, mtoto asidanganywe. Msimwambie ya kuwa amekimbia, wala msilete mwingine wa rangi ile ile kwa siri. Mwambieni kweli, mtafute naye sababu, na kama kosa ni lake mwonyeni kwa upole. Mwacheni alie. Bwana wetu alisema ya kuwa hata shomoro aangukaye hasahauliwi na Baba (Mathayo 10:29).

5. HABARI YA KUKU WA MWANANGU

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo kwa ajili yake nimeandika.

Mwanangu alikuwa na umri wa miaka tisa. Koo wetu alichukuliwa na kicheche, na kati ya vifaranga wake akasalia mmoja. Nilimwambia mtoto, "Huyu ni wako. Ukimtunza atakua." Sikufikiri zaidi ya hapo. Lakini mtoto alilitunza neno lile kama alivyomtunza kifaranga. Usiku aliamka kubadili maji ya moto. Asubuhi kabla ya shule alichimba mchwa. Jioni aligonga kopo, na kifaranga alikuja mbio, akapanda juu ya mguu wake. Baada ya miezi kadha akawa tembe mzuri, karibu kutaga.

Siku moja magharibi alifika mgeni wa heshima, mwalimu wa usharika wa mbali, naye alikuwa amechoka kwa safari. Nanyi mwajua desturi yetu: mgeni wa namna hiyo halali pasipo kuchinjiwa. Nilikuwa na kuku wengine saba. Lakini saa ile walikuwa wamekwisha kupanda mtini kulala, na kuwashusha ni kazi. Yule tembe wa mtoto hakulala mtini. Alikuwa jikoni karibu na tenga lake. Nilinyosha mkono, naye hakukimbia. Alikuja mwenyewe.

Mtoto alikuwa amekwenda kisimani. Aliporudi alitua ndoo, akachukua kopo lake, akaligonga kama kila jioni. Akagonga tena. Mama yake akamwita ndani. Sikusikia alichomwambia.

Wakati wa kula nilimpa mtoto firigisi, ambayo kwa desturi ni sehemu ya mkubwa, nikidhani heshima ile itamfariji. Alisema, "Ahsante, Baba," akaiacha palipo. Mgeni hakujua neno lo lote, akasifu mchuzi. Mimi nilijiambia, "Ni mtoto, atasahau. Tena kuku ni kuku."

Miezi ikapita. Koo mwingine akaangua, nami nikachagua kifaranga mzuri kuliko wote, nikampelekea mwanangu. Hakunikasirikia. Alinijibu kwa adabu, "Ahsante, Baba. Lakini huyo ni wako."

6. NENO LA NATHANI

Neno lile sikulielewa hata siku nilipotayarisha somo la watoto wa Shule ya Jumapili. Somo lilikuwa 2 Samweli mlango wa 12. Mwajua habari yenyewe. Nabii Nathani alimwendea mfalme Daudi akamsimulia juu ya tajiri mwenye kondoo wengi, na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, aliyelelewa nyumbani pamoja na watoto wake. Mgeni alipomfikia tajiri, yeye aliwaachilia wa kwake, akamtwaa yule wa maskini.

Mara nyingi nilikuwa nimewafundisha wengine habari hii. Siku ile ilinifundisha mimi. Nilikuwa na saba mtini, nikamchukua mmoja wa jikoni. Wala sikumchukua kwa kuwa alikuwa mnono kuliko wote, bali kwa kuwa alikuwa mwepesi kushikwa. Naye alikuwa mwepesi kushikwa kwa sababu mtoto alikuwa amemfundisha kuuamini mkono wa mtu. Kazi ya upendo wa mtoto ndiyo niliyoitumia ili nipunguziwe taabu ya kupanda mti.

Msinielewe vibaya. Kuchinja kuku si dhambi. Mungu amewapa watu ruhusa ya kula nyama, na kumkirimu mgeni ni agizo. Dhambi yangu ilikuwa kutwaa kitu ambacho nilikuwa nimekwisha kukitoa. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Dr. Martin Luther afundisha, chini ya sehemu ya kwanza ya Imani, ya kuwa mifugo na mali yote tuliyo nayo ni vipawa vya Mungu. Na chini ya amri ya saba afundisha ya kuwa haitoshi kutomwibia jirani. Yatupasa pia kumsaidia kuilinda mali yake. Nilikuwa sijafikiri ya kuwa jirani yangu aweza kuwa mwanangu mwenyewe, wala ya kuwa mali yake yaweza kuwa tembe mmoja. Wako wasemao, "Mtoto ni wangu, basi vyake vyote ni vyangu." Lakini neno "huyu ni wako" likisemwa na baba, limesemwa. Mtoto akiona ya kuwa neno la baba yake halisimami, ataliaminije tumwambiapo juu ya Baba wa mbinguni ambaye ahadi zake husimama?

Siku ile ile jioni nilimwita mwanangu. Nilimwambia, "Mwanangu, nalikukosea. Nalikupa kuku, kisha nikamtwaa pasipo kukuuliza. Nakuomba unisamehe." Alinyamaza muda mrefu, akitazama chini, maana kwetu si desturi baba kumwomba mtoto msamaha. Kisha akasema, "Nimekusamehe, Baba. Lakini ungeniuliza, ningekupa."

Ndugu zangu, neno hili lilinichoma kuliko lile la kwanza. Nilikuwa nimemnyima mtoto kuku, tena nilikuwa nimemnyima furaha ya kumtoa yeye mwenyewe kwa ajili ya mgeni.

7. YAFAAYO KUAGANA MAPEMA

Kwa hiyo nawashauri wazazi wote watakao kumpa mtoto kifaranga. Kabla hamjatia kifaranga mkononi mwake, agana naye wazi wazi, mkiwa mmeketi pamoja:

Kwanza, kifaranga ni wa nani? Kama ni wa nyumba, na mtoto ni mtunzaji tu, aambiwe hivyo. Kazi ya utunzaji pia ni ya heshima. Kama ni wake, basi ni wake kweli.

Pili, mwisho wake utakuwa nini? Hakuna ajuaye siku za kwanza kama kifaranga ni jogoo au mtetea. Dalili za upanga huanza kuonekana baada ya majuma kadha. Mtetea wa kienyeji huanza kutaga apatapo miezi sita au saba hivi, na kuku atunzwaye vema aweza kuishi miaka mitano, hata minane. Lakini majogoo wawili katika ua mmoja hupigana. Mtoto ajue tangu mwanzo kama jogoo atauzwa au kuliwa, asije akashtushwa.

Tatu, ni nani atakayetoa idhini? Ikiwa haja itatokea, kama vile mgeni, ugonjwa au ada ya shule, mtoto aulizwe. Na akikataa, asishurutishwe kwa hila. Shuka mti wako mwenyewe.

Nne, nani atamtunza mtoto akiwa shuleni au akiugua? Kiumbe cha Mungu kisiteseke kwa kuwa wenyewe hawakuagana. Mithali 12:10 yatufundisha ya kuwa mwenye haki hujulikana hata kwa jinsi amtendeavyo mnyama wake.

Mwanangu alimpokea kifaranga mwingine. Alikuwa jogoo, naye aliishi nasi miaka mingi akituamsha kwa sala ya asubuhi. Sikumgusa kamwe.

MASWALI KWA AJILI YA MAFUNDISHO

1. Kifaranga apata wapi chakula chake siku mbili tatu za kwanza? Jambo hili latufundisha nini juu ya Mungu?
2. Kwa dalili zipi twajua ya kuwa kifaranga aona baridi au joto?
3. Kwa nini chanjo ya mdondo itangulie ugonjwa?
4. Someni 2 Samweli 12:1-7. Tajiri alikuwa na kosa gani, ikiwa kumkirimu mgeni ni jambo jema?
5. Je, iko ahadi uliyompa mtoto ambayo hukuitimiza? Utafanya nini juma hili?

SALA

Ee Bwana, wewe uliyetukusanya chini ya mbawa zako tulipokuwa yatima, utufundishe kuvitunza vitu vidogo ulivyotukabidhi. Uyasimamishe maneno yetu mbele ya watoto wetu, wapate kuyaamini maneno yako. Amina.